Chombo Chake ni Watu

Mhadhara kwa walimu wa kwaya na wanafunzi wa muziki, Peramiho



Mmeniomba nizungumzie maisha ya kazi ya kiongozi wa okestra na opera: anaanzia wapi, anapita wapi, na anafikaje mahali ambapo dunia inampa tuzo. Huenda mtu akauliza mada hiyo inatuhusu nini sisi tulioko kilomita zipatazo 24 kutoka Songea mjini, ambako hakuna jumba la opera. Nitajibu mapema ili mjue ninakokwenda. Mpiga kinanda anaweza kujifungia chumbani akafanya mazoezi hadi usiku wa manane. Mpiga fidla vilevile, na mpiga filimbi vilevile. Kiongozi wa muziki hawezi. Chombo chake ni watu, na watu hawakai kabatini. Hujifunza mbele yao, na hukosea mbele yao. Kwa hiyo kila kiongozi mkubwa mnayemsikia aliwahi kupewa watu wa kuongoza kabla hajastahili. Hilo ndilo ninalotaka tulichunguze leo, kwa sababu jambo hilo Peramiho inaliweza.

1. Mkono usiotoa sauti

Tuanze na kazi yenyewe. Mkono wa kulia, wenye kijiti au mtupu, huchora mapigo: mawili, matatu, manne. Pigo la kwanza hushuka, la mwisho hupanda. Mwanafunzi mwenye bidii hulishika somo hilo katika alasiri moja. Mkono wa kushoto ndio unaokula miaka. Huwaita besi waingie, huwapunguza tena waliochangamka kupita kiasi, huwashikilia soprano katika nota ndefu wasishuke. Na mbele ya mikono yote miwili iko pumzi. Kabla ya sauti ya kwanza kiongozi huvuta pumzi, na katika pumzi hiyo waimbaji husoma mwendo, nguvu na hali ya wimbo. Akivuta kwa pupa, wimbo utaondoka kwa pupa hata kama nyumbani aliupanga uwe wa taratibu.

Halafu kuna kitabu cha nota. Mwimbaji wa alto hutazama mstari wake. Kitabu cha kiongozi wa okestra kina mistari yote kwa pamoja, ishirini na zaidi katika kazi kubwa: filimbi na ndugu zake juu, ala za shaba na ngoma katikati, fidla hadi besi kubwa chini. Anatakiwa ausome ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja na kuusikia kichwani kabla mtu yeyote hajapiga. Kazi hiyo ya mezani huchukua wiki, pengine miezi, na hakuna mtazamaji anayeiona.

Kwenye opera ugumu huongezeka. Okestra imekaa shimoni mbele ya jukwaa. Mwimbaji yuko juu, amevaa mavazi ya kifalme, anakimbia, anapigana, anakufa huku akiimba, na wakati mwingine amempa mgongo mtu anayemwongoza. Kiongozi hulazimika kumsubiri mwimbaji aliyekosa pumzi na wakati huohuo asiiache okestra ya watu sitini ikazama. Ndiyo maana katika majumba mengi ya Ulaya viongozi wa opera huanzia chumba cha mazoezi. Hupiga piano na kuwafundisha waimbaji mstari kwa mstari, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kukabidhiwa usiku mmoja wa onyesho.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa Arturo Toscanini. Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 19, alisafiri na kundi la opera la Italia hadi Rio de Janeiro. Alikuwa mpiga selo na msaidizi wa mwalimu wa kwaya ya kundi hilo. Ugomvi ukazuka, kiongozi akaondoka, waliojaribu kushika nafasi yake wakazomewa na umati. Kijana akasukumwa mbele, akaiongoza Aida bila kufungua kitabu. Watu husimulia habari hiyo kama muujiza wa kumbukumbu. Mimi naomba muangalie cheo chake cha awali. Aliwafundisha wanakwaya wale. Alijua nani huchelewa kuingia na nani hupanda sauti akiogopa. Usiku ule wa Rio alisimama mbele ya watu aliokwisha kuwajua.

2. Vienna, mwaka 1824

Tarehe 7 Mei 1824 Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilisikika kwa mara ya kwanza, mjini Vienna. Mtunzi mwenyewe alikuwa jukwaani akipiga mapigo, lakini alikuwa kiziwi. Kiongozi Michael Umlauf alikuwa amewaonya wanamuziki na waimbaji wamfuate yeye, wasiyafuate mapigo ya Beethoven. Hakuna mtu duniani aliyeijua kazi ile kuliko aliyeitunga. Aliijua kila nota. Alichokosa ni kuwasikia watu waliokuwa mbele yake, na kwa kukosa hicho tu hakuweza kuwaongoza.

Vijana, kumbukeni tukio hilo mnapodhani kwamba kujua wimbo kunatosha. Mwalimu anayetikisa mikono huku akisikiliza wimbo uliomo kichwani mwake yuko katika hali ya Beethoven usiku ule, bila ya udhuru aliokuwa nao Beethoven.

3. Tuzo zinavyopatikana

Sasa tuje kwa mtu aliyeshika tuzo mkononi, tena akitoka mbali na Ulaya. Seiji Ozawa alizaliwa mwaka 1935 huko Shenyang, China, na wazazi Wajapani. Alisomea piano mpaka alipovunjika vidole katika mchezo wa raga. Mlango wa piano ukafungwa. Akawa mwanafunzi wa Hideo Saito, mwalimu mkali wa Tokyo aliyezichambua ishara za mkono moja baada ya nyingine hadi zikawa somo lenye hatua. Shule yao ya Toho ilikuwa na okestra ya wanafunzi, na Ozawa aliiongoza. Mwaka 1959 akapanda meli ya mizigo kwenda Ufaransa, pamoja na skuta yake, akaingia mashindano ya viongozi wa okestra ya Besançon, akawa wa kwanza.

Kutoka hapo milango ilifunguka: Marekani kwa Leonard Bernstein, Berlin kwa Herbert von Karajan, kisha okestra ya Boston kuanzia 1973 hadi 2002, kisha jumba la opera la taifa la Vienna hadi 2010. Mkitazama orodha hiyo mtaona ngazi ya tuzo na vyeo. Lakini ngazi ile ilisimikwa Tokyo. Waamuzi wa Besançon walimwona kijana ambaye tayari alikuwa amezoea kuwa na watu mbele yake. Ozawa mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1984, yeye na Kazuyoshi Akiyama waliwakusanya wanafunzi wa zamani wa Saito kwa tamasha la kumbukumbu, na mkusanyiko huo ukazaa okestra inayobeba jina la mwalimu wao, Saito Kinen. Mwaka 2016 Ozawa alipopata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya opera, kwa kazi ya Ravel, okestra iliyopiga ilikuwa hiyo hiyo. Tuzo ilikwenda kwa mwanafunzi, ikapita mikononi mwa okestra yenye jina la mwalimu.

Upande wa pili wa sarafu ni Dean Dixon, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1915. Alisoma katika vyuo bora. Hakuna okestra iliyotaka kumpa nafasi, kwa hiyo akiwa bado mwanafunzi aliunda yake mwenyewe palepale Harlem. Mwaka 1941 aliiongoza New York Philharmonic kama mgeni, wakampigia makofi, na kazi ya kudumu haikuja. Mwaka 1949 akahamia Ulaya. Huko alishika okestra ya Göteborg, Sweden, kuanzia 1953 hadi 1960, na ile ya redio ya Frankfurt kuanzia 1961 hadi 1974. Ubaguzi haukumnyang'anya Dixon kipaji. Ulimnyang'anya watu wa kuongoza, na kwa kiongozi wa muziki hilo ni sawa na kumkata mpiga fidla mkono.

4. Fidla tano za Kinshasa

Turudi Afrika. Armand Diangienda wa Kinshasa ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji hadi akafia gerezani mwaka 1951 katika mji tunaouita leo Lubumbashi. Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Kazi ya urubani ilipokwisha akaitimiza ndoto ya baba yake aliyetaka kanisa lao liwe na okestra, na mwaka 1994 Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu ikaanza. Hakuwahi kuingia chuo cha muziki. Wenzake hawakuwahi kushika fidla. Walikuwa na fidla tano hivi kwa watu zaidi ya kumi, wakazipiga kwa zamu: huyu akimaliza dakika zake anampokeza mwingine. Waya ulipokatika na duka la waya halipo, walichukua waya wa breki ya baiskeli. Nota walizinakili kwa mkono.

Hebu jiwekeni mahali pake. Unawaongoza watu ambao mchana wana biashara sokoni, wengine ni mafundi wa umeme, wengine vinyozi, nao wanafika mazoezini jioni kwa miguu. Wewe unajifunza kuongoza, wao wanajifunza kupiga, saa ileile na chumba kilekile. Kitaalamu utasema haiwezekani. Ilichukua miaka, lakini wakafika kwenye Carmina Burana ya Orff, wakafika kwenye Simfoni ya Tisa ileile ya Vienna, yenye waimbaji wanne wa mbele, kwaya kamili na muda unaozidi saa moja. Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu yao, na humo tunaona umeme ukikatika muziki ukiwa unakaribia mwisho.

Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimfanya Diangienda mwanachama wake wa heshima, daraja ambalo limewahi kushikwa na watunzi na viongozi wakubwa wa Ulaya. Mwaka uliofuata okestra yake ikapiga Uingereza. Kwa kipimo chochote huyu ni kiongozi mwenye tuzo. Aliipata tuzo hiyo akiwa kwao, pamoja na watu aliokua nao. Ozawa alilazimika kusafiri, Dixon alilazimika kukimbia, Diangienda alikaa. Njia ni tatu, na katika zote tatu mtu alikuwa na kundi lake mapema.

5. Kamina, Roma, Nairobi

Mtaniambia hiyo ni Kinshasa, mji wa mamilioni. Basi twende Kamina, Katanga, kwa majirani zetu wanaosema Kiswahili. Mwaka 1958, tarehe 23 Machi, wavulana wapatao 45 na walimu wao kama 15 waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, misa ya Kilatini katika sauti za Kiluba. Aliyewaongoza ni Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Misa ile ilizaliwa mazoezini. Waimbaji walibuni, mmoja akatoa, wengine wakapokea, na kiongozi akasikiliza, akachagua, akaunganisha. Mwimbaji wa mbele aliyesikika zaidi, Joachim Ngoi, alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka huohuo kwaya ilizunguka Ulaya na kuimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels.

Miaka michache baadaye, Oktoba 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, Roma ilisikia oratorio ya Mganda Joseph Kyagambiddwa iliyotungwa kwa ajili yao. Oratorio ni ndugu wa karibu wa opera: ina hadithi, waimbaji wa mbele na kwaya, ila haina mavazi wala kuigiza. Mwaka 1990 Missa Luba yenyewe ikarekodiwa upya na kwaya ya taifa ya Kenya, Muungano, chini ya Boniface Mganga, na rekodi hiyo ikawafikia wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani. Nairobi leo kuna opera zilizotungwa hapohapo, kama Nyanga ya Francis Chandler, iliyosimamiwa na taasisi ya Baraka Opera ya mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen. Kwa hiyo anayesema opera haina njia ya kufika kwetu amechelewa. Imekwisha kufika kwa jirani.

6. Hapa Peramiho

Wabenediktini walifika hapa mwaka 1898. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Ilijengwa upya, na miaka ya 1940 likasimama kanisa hili la matofali mnaloliona. Pamoja na ujenzi, wamonaki walileta kitu kisichoungua: zamu za sala zinazoimbwa kila siku. Mtu anayeishi karibu na abasia anasikia zaburi zikiimbwa mwaka mzima, katika mvua na kiangazi. Kuongoza nyimbo za Gregori ni shule ya pekee. Mkono hauchapi mapigo. Unafuata neno, unapanda penye mkazo na kutua mwisho wa sentensi. Kisha wakaja na seminari, na kiwanda cha uchapaji. Seminari hukusanya vijana wenye sauti na muda, na kiwanda huwapa karatasi. Bila karatasi, wimbo hukaa kichwani mwa mwalimu mmoja, na akihama unahama naye.

Katika mazingira hayo alitokea Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini hii, mtunzi wa Misa Baba Yetu. Mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilichapishwa Uswisi. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Liturujia, ambayo aya yake ya 119 inataka muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake. Mwenzetu alikuwa amelitafakari swali hilo kabla wino wa Mtaguso haujakauka.

Swali lenyewe bado liko nasi kila Jumapili. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Kijerumani humalizia mstari kwenye pigo zito. Ukilitia neno la Kiswahili ndani ya utenzi huo bila hadhari, silabi ya mwisho, iliyostahili kupumzika, inabebeshwa mzigo wote, na "Bwana" linaimbwa kama neno la kigeni. Mtunzi anaweza kulirekebisha hilo kwenye karatasi. Ikiwa hakulirekebisha, anayebaki ni kiongozi: aipunguze nota ile ya mwisho kwa mkono wa kushoto, awafundishe waimbaji kuigusa na kuiacha.

Wako wanaosema kusimama mbele na kupunga mikono ni desturi ya kigeni, kwa kuwa ngoma zetu hazina mtu wa namna hiyo. Niwapeleke kwenye ngoma ya Lizombe, niwapeleke kwenye mganda wa upande wa Ziwa Nyasa. Katika mganda vijana hujipanga mistari, wamevaa nadhifu, vibuyu vya kupulizia mdomoni, hatua za kiaskari zilizotokana na magwaride ya enzi za ukoloni. Nani anaamua lini mstari ugeuke? Yuko kiongozi, na kila mchezaji anamjua. Tofauti ni mahali aliposimama: yule wa okestra yuko nje akiwatazama, huyu yuko ndani anacheza nao. Na jinsi anavyopatikana nayo ni somo. Hakupewa cheti. Alicheza mstari wa nyuma, akasogea wa mbele, siku moja mkubwa akachoka, akaachiwa ngoma.

7. Tufanye nini

Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga. Nadhani mara nyingi haikeshi kwa sababu sisi watu wazima tunaizima mapema. Kwaya zetu nyingi zina mwalimu mmoja aliyeshika kila kitu: anachagua wimbo, anafundisha sauti zote nne, anaongoza, anapiga na kinanda. Tunamsifu kwa kujitoa. Kumbe amekalia kiti ambacho wengine wangejifunzia. Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza: katika kila zoezi, kijana mmoja aongoze kitu kimoja kifupi, antifona au kitikio cha zaburi, mbele ya kwaya nzima. Mwalimu aketi na waimbaji, aimbe. Akimaliza kijana, waimbaji wamwambie walichokiona mkononi mwake. Dakika kumi zinatosha.

La pili: anayeongoza ajue kusoma nota, na asome kwa mistari. Kwaya inaweza kujifunza kwa kusikia. Kiongozi asiyesoma hataingia kamwe kwenye kazi ya mtu asiyewahi kumsikia. Mazoezi ya kukaririsha yana uzuri wake, lakini yanamfunga kiongozi kwenye nyimbo za mwalimu wake.

La tatu: wasichana. Tazameni kwaya zetu. Sauti zilizo nyingi ni za wanawake, na anayesimama mbele mara nyingi ni mwanamume. Nje hali haikuwa bora. Tamasha za Proms za London zilianza mwaka 1895, na usiku wake wa kilele ulisubiri hadi 2013 kuongozwa na mwanamke, Marin Alsop wa Marekani. Hatuna sababu ya kuiga subira hiyo. Katika nyumba za masista wanawake huongoza sala za kuimbwa kila siku, kwa hiyo uwezo tunauona kwa macho yetu.

Sidai kwamba kwaya peke yake hutosha kumpeleka mtu kwenye jumba la opera. Atahitaji okestra, lugha, walimu, pengine nauli ya kwenda mbali. Hayo yote huja baadaye, na hayamsaidii mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya waimbaji thelathini na kusikia wakiharibikiwa kwa sababu ya mkono wake.

Mwisho wa mwaka tumezoea kuulizana tumetunga nyimbo ngapi na tumerekodi albamu ngapi. Mwaka huu naomba paroko, mwenyekiti wa kwaya na mzazi wamuulize mwalimu swali jingine: taja vijana wawili, wa kiume na wa kike, wanaoweza kuongoza misa ya Jumapili ijayo wewe ukiwa umekaa na besi. Mwalimu mwenye majina hayo apewe tuzo. Asiye nayo apewe mwaka mmoja wa kuyatafuta.